Kijana wa Uriri Mjini Yerusalemu

(Mazungumzo ya redio, yamechapwa hapa kwa ombi la wasikilizaji)

Wenye Biblia karibu na wawekeni alama mahali pawili: Injili ya Marko sura ya 15, na Matendo ya Mitume sura ya 21. Tutafika huko, ila njia ni ndefu kidogo.

Mazungumzo ya leo yametokana na barua ya vijana wa usharika mmoja huko Uriri. Wanatayarisha mchezo wa Pasaka, nao wameutunga wenyewe. Katika mchezo huo kijana wa bodaboda amemfikisha abiria wake sokoni, amechoka, anajilaza chini ya mwembe. Akiamka anajikuta Yerusalemu, siku chache kabla ya Bwana kusulibiwa. Pikipiki haipo, simu haipo, wala hakuna anayemwelewa. Vijana wameupenda mchezo wao. Lakini mzee mmoja wa kanisa amewauliza swali zito: Je, hamwoni kwamba mnaongeza juu ya Maandiko? Ndipo wakatuandikia, ati tuamue.

Mimi sina mamlaka ya kuamua mambo ya usharika ule. Wana wazee wao na mchungaji wao. Lakini swali la mzee ni la maana, na halihusu Uriri peke yake, maana hadithi za namna hii zimeandikwa kwa wingi duniani, nyingine nzuri na nyingine mbaya. Hebu kwanza tuzifahamu.

Kuna riwaya za kihistoria, ambamo mwandishi huchukua zama zilizopita na kuweka humo watu wa kubuni. Katika zile za karne ya kwanza, iliyosomwa sana ni Ben-Hur ya Lew Wallace, aliyekuwa jenerali katika jeshi la Marekani. Ilitoka mwaka 1880, nayo yahusu kijana Myahudi ambaye maisha yake yanakutana na maisha ya Bwana Yesu. Wengi wetu twaijua kwa sinema ya mwaka 1959, ile yenye mashindano ya magari ya farasi. Kisha kuna hadithi za kusafiri katika wakati, na humo ni mtu wa leo anayepelekwa zamani. Mwaka 1889 Mark Twain alimpeleka Mmarekani mmoja kwenye Uingereza ya zama za Mfalme Arthur kwa pigo la kichwani tu. Mwaka 1895 H. G. Wells akabuni mashine ya kazi hiyo. Vijana wa Uriri wamechagua usingizi chini ya mwembe, nao una faida moja: hauhitaji seremala wa kutengeneza mashine.

Namna hizo mbili zikiunganishwa, tunapata hadithi ya mtu wa siku hizi anayetembea kati ya Wayahudi wa karne ya kwanza na Wakristo wa mwanzo. Hapo hatari yaanza. Mwaka 1969 Mwingereza Michael Moorcock alitoa riwaya ambayo msafiri wake anarudi mwaka 28 baada ya Kristo kumtafuta Yesu, na yale anayoyakuta huko ni mambo ambayo Mkristo hawezi kuyapokea. Sitayasimulia hapa. Naye Mhispania J. J. Benítez alianza mwaka 1984 kutoa mfululizo wa vitabu juu ya mwanajeshi wa Marekani aliyepelekwa zama za Bwana kwa mradi wa siri. Kosa la vitabu hivyo, kwa maoni yangu, ni kwamba vimeandikwa kana kwamba ni hati za kweli zilizofichwa, na wako wasomaji waliosadiki. Hapa mzee wetu wa Uriri ana haki kabisa. Hadithi inayojifanya ushuhuda ni udanganyifu, hata ikisifu.

Lakini hadithi inayojulikana kuwa ni hadithi si jambo geni katika Maandiko. Nabii Nathani alimwendea Daudi na habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja (2 Samweli 12). Maskini yule hakuwako. Hata hivyo, Daudi alijikuta ndani ya habari ile kabla hajatambua kwamba ni yeye. Bwana mwenyewe alifundisha kwa mifano, na hakuna anayeuliza msafiri wa njia ya Yeriko alikuwa ukoo gani. Onyo la Ufunuo 22:18 ni kwa yule anayeyaongeza maneno ya unabii wenyewe. Kwa hiyo mimi ningewaambia vijana: msimtie Bwana Yesu kinywani neno lolote mlilolitunga ninyi. Katika ile sinema ya Ben-Hur ya mwaka 1959, uso wa Yesu hauonyeshwi hata mara moja, wala sauti yake haisikiki. Anaonekana kwa nyuma, na twaona nyuso za watu wanaomtazama. Hiyo ni busara, nayo yafaa hata penye jukwaa la mbao na mapazia ya kuazima.

Tena, tusiseme kwamba safari za namna hii ni ngeni kwetu. Filamu ya Yesu, iliyotolewa mwaka 1979, ilipigwa katika nchi ya Israeli na kufuata Injili ya Luka. Imetiwa sauti ya Kiswahili, imetiwa ya Dholuo, na imeonyeshwa kwenye vitambaa vyeupe katika viwanja vya shule usiku, watu wameketi nyasini na watoto wamepanda miti. Mama aliyetazama filamu ile hadi Golgotha na kutokwa na machozi, amekwisha kusafiri.

Na huko huko Migori wako waliofanya safari kinyume chake. Mlima wa Got Kwer ni makao makuu ya kanisa la Legio Maria, lililotoka katika Kanisa Katoliki miaka ya 1960. Wafuasi wake wanauita mlima ule Kalvari, na wengi wao walimwona kiongozi wao Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka 1991 na kuzikwa pale, kuwa ni Masiya aliyewajia Waafrika. Sisi hatukiri hivyo. Lakini tukiyafikiria kwa upole, tutaona njaa iliyokuwa nyuma yake. Watu walichoka kuambiwa kwamba mambo yote makuu ya Mungu yalitendeka mbali, kwa watu wengine, zamani sana. Wakauleta Yerusalemu Nyanza. Mchezo wa vijana wa Uriri unaenda njia nyingine: unampeleka mtu wa Nyanza Yerusalemu, kisha unamwacha awe mgeni huko.

Basi na tumfuate kijana huyo, tuone atakuta nini.

Jambo la kwanza litamshangaza kwa jinsi lisivyo geni: saa. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza hana budi kufundishwa kwamba saa ya sita ni adhuhuri. Kijana wetu hafundishwi. Petro siku ya Pentekoste anasema kwamba ni saa tatu ya mchana (Matendo 2:15), naye kijana anajua jua liko wapi. Marko anaandika kwamba walimsulibisha saa tatu, giza likaingia saa sita hadi saa tisa, na mama yeyote wa Uriri anaweza kukuonyesha kwa kidole kivuli kilipofikia. Hata siku yenyewe Wayahudi huanza kuihesabu jua likichwa, kama watu wa pwani wa zamani walivyohesabu. Na katika nchi yetu, tangu Waadventista walipofika Gendia mwaka 1906, ni nani asiyejua kwamba Sabato huingia Ijumaa jioni?

Akipitia Galilaya kwanza, ataliona ziwa. Waandishi wa Injili wanaliita bahari, lakini mvuvi wa Muhuru au Karungu angeliita ghuba tu. Urefu wake ni kilometa 21 na upana 13. Ziwa Victoria lingeweza kuyameza maziwa kama hilo zaidi ya 400. Tena ziwa lile liko chini kuliko usawa wa bahari kwa mita 210 hivi, limezungukwa na vilima, na upepo ukishuka katika mabonde hulichafua ghafula. Anayevua omena usiku hahitaji mahubiri marefu kuelewa kwa nini wanafunzi walipiga kelele.

Mwaka 1986, wakati wa ukame, maji ya ziwa lile yalipopungua sana, ndugu wawili wavuvi waliona mbao zimechomoza katika tope la ufuoni. Ilikuwa mashua ya zama zile zile za Bwana. Wataalamu waliichimbua kwa haraka kabla maji hayajarudi, wakailoweka miaka mingi katika dawa kama nta ili isivunjike, na leo watu wanaitazama kule kule ziwani. Urefu wake ni mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Walipozichunguza mbao, walikuta aina za miti zipatazo kumi au zaidi katika chombo kimoja, vipande vya mashua kuukuu vimetiwa viraka juu ya viraka. Hatujui ilikuwa ya nani, na mtu akikuambia ilikuwa ya Petro usimsadiki. Lakini tunajua mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani: mtu asiyetupa ubao.

Na samaki je? Samaki mmojawapo anayejulikana sana katika ziwa la Galilaya, ambaye watalii huuziwa kwa jina la samaki wa Petro, ni wa jamaa moja na ngege wetu. Naam, ngege. Siku hizi mbuta amemfanya awe adimu kwetu, lakini wazee wanamkumbuka. Mji wa Magdala, alikotoka Mariamu, kwa Kiyunani uliitwa kwa jina la samaki waliotiwa chumvi, na mwaka 2009 wachimbaji walifukua humo sinagogi iliyokuwako kabla ya Hekalu kubomolewa. Kijana wetu akipita mji huo, pua itamwambia yuko nyumbani.

Hata nyumba hazitamtatiza sana. Huko Kapernaumu vyumba vilijengwa kuuzunguka ua mmoja, baba na wanawe na wake zao, moto wa kupikia ukiwa nje. Anayelijua boma la Kiluo, yaani dala, atajua wapi pa kusimama na kubisha hodi. Na dari? Marko 2:4 yasema waliitoboa dari wakamshusha mgonjwa wa kupooza. Mtoto wa mjini aliyekulia chini ya zege huuliza iliwezekanaje. Dari za kule zilikuwa boriti, na juu yake matete na udongo. Kijana wa Uriri haulizi iliwezekanaje. Anauliza ni nani aliyeitengeneza baadaye.

Nimekaa sana katika mambo haya kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba Mwafrika ndiye aliye mbali na Biblia, na kwamba Mzungu ndiye aliye karibu. Katika mambo ya jua, moto, ua, samaki, mifugo na ukoo, safari ya kijana wa Uriri ni fupi kuliko ya msomi wa Ulaya.

Lakini iko sehemu ambayo ni mgeni kabisa, na ni hapo hadithi mbaya hutofautiana na hadithi nzuri. Hadithi mbaya humpeleka mtu karne ya kwanza akawakute Wakristo kama sisi, wameketi kwenye mabenchi, wana kwaya na mchango wa jengo. Kijana wetu hatawakuta. Atakuta Wayahudi.

Yesu ni Myahudi. Alitahiriwa siku ya nane (Luka 2:21). Aliingia katika sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake (Luka 4:16). Yule mwanamke mgonjwa aliyegusa pindo la vazi lake (Luka 8:44), neno la Kiyunani lililotumika pale ni lile la vishada ambavyo Musa aliagiza Waisraeli wavitie katika pembe za nguo zao (Hesabu 15:38). Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kiaramu, na vipande vyake vimebaki katika Biblia zetu: Aba, Efatha. Watu wa Galilaya walikuwa na matamshi yao, na Petro alijulikana kwayo pale uani (Mathayo 26:73), kama nasi watu wa Nyanza tunavyojulikana mara tu tufunguapo kinywa huko Mombasa.

Kijana atatafuta Mafarisayo, maana kwa Kiswahili chetu cha kanisani neno hilo limekuwa tusi. Tukimwita mtu Mfarisayo twataka kusema mnafiki. Yosefo, mwandishi wa historia wa Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 37, asema walikuwa zaidi ya elfu sita. Hao si wengi katika taifa zima. Kijana atashangaa kukuta kwamba walikuwa watu wa kijijini waliopendwa na wengi, walioamini ufufuo wa wafu wakati makuhani wengi waliukana. Baadhi yao walimwonya Yesu kwamba Herode anataka kumwua (Luka 13:31). Gamalieli aliwatetea mitume barazani. Nikodemo alileta manukato ya maziko. Naye Paulo, miaka mingi baada ya kuongoka, alisimama mbele ya baraza akajitaja kuwa ni Mfarisayo (Matendo 23:6), wala hakusema alikuwa zamani. Bwana alibishana nao kwa ukali, ni kweli. Mtu hubishana kwa ukali na watu wa nyumbani.

Sasa fungua pale ulipoweka alama, Matendo 21:20. Yakobo anamwonyesha Paulo jinsi Wayahudi walioamini walivyo maelfu mengi, nao wote wana wivu kwa ajili ya torati. Hilo ndilo kanisa la kwanza. Kijana wa Uriri akiingia humo na soseji mkononi, yeye ndiye atakayehojiwa wokovu wake.

Na anayetaka kuonja ugeni huo bila mwembe wala mashine, asafiri mpaka Mbale, mashariki ya Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyekuwa Mprotestanti, aliamua kulifuata Agano la Kale neno kwa neno, akatahiriwa yeye na wanawe. Jamaa yake waitwa Abayudaya. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, nao wakaishika kwa siri. Wako mpaka leo, wana masinagogi yao, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata daraja ya urabi. Jioni ya Ijumaa huko, taa za Sabato zinawashwa na wanawake wa Kiafrika.

Turudi kwa kijana. Shida yake kubwa kuliko zote haitakuwa lugha wala chakula. Ni kwamba anajua mwisho. Anamjua Yuda kabla fedha hazijahesabiwa. Anajua habari za Jumapili alfajiri. Anajua kwamba mwaka 70 Hekalu lile litateketea, jiwe juu ya jiwe lisibaki. Wale waliomzunguka hawajui lolote. Katika hadithi nyingi za kusafiri wakati, msafiri hukimbia huku na huko akitaka kuonya na kurekebisha, na vijana wameniandikia kwamba wao pia wana kipindi hicho: bodaboda wao anamkimbilia Yesu kumwambia habari za Yuda.

Hapo mimi nasema wafikiri tena. Marko 14:18 yaonyesha kwamba Bwana alijua. Na kuonywa je, kwamfaa nani? Petro alionywa. Aliambiwa jambo lenyewe, mara ngapi, usiku gani, na jogoo akawekwa kuwa saa yake. Hakuna msafiri wa wakati anayeweza kumpa mtu habari kamili kuliko hizo. Akaenda akakana. Sisi ambao tumesoma habari zote tangu shule ya Jumapili twapenda kudhani kwamba tungekuwa hodari kuliko wanafunzi, kwa kuwa tunajua mwisho. Mngemweka bodaboda wenu pale penye moto wa makaa, baridi ni kali, na yule kijakazi, akiisha kumuuliza Petro, amgeukie yeye: Na wewe? Kisha mkae kimya kidogo. Sijui atajibu nini, na ningependa hata mwigizaji mwenyewe asijue mpaka usiku ule.

Imebaki sehemu moja, ambayo hasa ndiyo iliyonifanya nichukue barua hii. Ni kipindi cha kundi la watu mbele ya Pilato.

Huyu Pilato, liwali wa Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36, si mtu wa hadithi. Jiwe lenye jina lake lilifukuliwa huko Kaisaria mwaka 1961. Alikuwa na askari, na msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi. Mwaka 1968, karibu na Yerusalemu, lilifunguliwa kaburi lenye mifupa ya Myahudi mmoja wa karne ile ile, na msumari wa chuma ungali umekwama katika mfupa wa kisigino. Warumi waliwafanyia hivyo wengi.

Lakini kwa karne nyingi, katika Ulaya ya Kikristo, Wayahudi wote wa vizazi vyote walibebeshwa lawama ya sauti zilizopazwa asubuhi moja. Sisi Waprotestanti tusijitoe. Mwaka 1543 Martin Luther, baba yetu katika matengenezo, aliandika kitabu juu ya Wayahudi akishauri masinagogi yao yachomwe moto, na miaka mia nne baadaye wafuasi wa Hitler walikitumia kwa furaha. Makanisa yalipokutana Amsterdam mwaka 1948 kuunda Baraza la Makanisa Ulimwenguni, yalitamka kwamba kuwachukia Wayahudi ni dhambi mbele za Mungu na wanadamu. Yalitamka hivyo baada ya watu milioni sita kuuawa.

Katika miaka ya 1970 Mwingereza Garry Kilworth aliandika hadithi fupi ya kusafiri katika wakati ambayo ningetaka kila mhubiri wa Ijumaa Kuu aijue. Kampuni ya utalii inawapeleka watu wa siku zijazo kutazama kusulibiwa kwa Bwana, kama tunavyowapeleka wageni kutazama simba. Wanapewa mavazi ya zama zile na masharti: ili historia isiharibike, liwali atakapouliza ni nani afunguliwe, wao wapige kelele pamoja na wengine wakimtaka Baraba. Wanafanya hivyo. Kisha mmoja wao anatazama kwa makini umati unaomzunguka, na moyo unamzimia. Katika umati ule hamna Wayahudi. Wenyeji wamejifungia majumbani mwao wakiomba. Wote waliopaza sauti ni watalii.

Hiyo ni hadithi. Maandiko hayasemi hivyo, na mzee wa Uriri asije akanishtaki. Marko 15:11 yasema wakuu wa makuhani waliwataharakisha makutano, nao walikuwa watu wa mahali pale. Lakini soma vizuri uone ni watu wangapi. Ilikuwa asubuhi na mapema (Marko 15:1), na kufikia saa tatu Bwana alikuwa msalabani. Mji ulijaa maelfu na maelfu ya wageni wa Pasaka. Wengi wao wakati ule walikuwa wanatafuta maji, wanawasha moto, wanavaa. Nje ya boma la liwali wangeweza kusimama watu wachache tu. Na Luka anaonyesha makutano mengine kabisa: mkutano mkubwa uliomfuata njiani, na wanawake wakijipiga vifua na kumwombolezea (Luka 23:27), na wale walioyaona yaliyotendeka wakarudi mjini wakijipiga vifua (23:48). Hao nao walikuwa Wayahudi. Mbona katika michezo yetu hatuwaweki?

Kwa hiyo, vijana wa Uriri, fanyeni kundi la mbele ya Pilato liwe dogo, watu kumi au kumi na wawili. Upande wa pili wa jukwaa mwekeni mama wa Kiyahudi anayeandaa sikukuu mlangoni pake, asiyejua kinachoendelea. Na hao kumi na wawili wasivae kanzu wala vilemba. Wavae nguo zao za kila siku, zile wanazokwenda nazo sokoni na kwenye miwa, ili kijana wenu wa bodaboda, akisukumwa katikati yao, aone nyuso anazozijua.

Na yule mzee aliyeuliza swali, mwendeeni kwa heshima. Mwombeni asimame mbele ya pazia kabla halijafunguliwa, na Biblia yake mkononi, aisome sura ya 15 ya Marko tangu mwanzo hadi mwisho kwa sauti, watu waisikie kwanza kama ilivyoandikwa. Kisha aketi mstari wa mbele, na mchezo uanze.